Kuogelea Darwin mwezi wa 12? Soma hii kwanza

Mdogo wangu, umesema umekulia Igombe unapiga mbizi ziwani na sasa unaenda kusoma Darwin, Australia, unauliza kama Desemba utaoga baharini bila noma. Aisee usijaribu. Huku Mwanza tunaogopa kichocho na mamba, konyeza (jellyfish) wa ziwani wapo ila ni vidogo na havina shida na mtu, lakini kule kuna konyeza boksi, mdude wa jeli ambao majini humuoni vizuri, mikia yake inafika mita 3 na sumu yake inaweza kusimamisha moyo ndani ya dakika chache tu, sitanii. Msimu wake Oktoba mpaka Mei, yaani unafika katikati kabisa. Halafu kuna irukandji, konyeza mwingine, kadogo kama kucha, akikuchoma unaona kawaida, baada ya kama nusu saa mgongo unauma balaa, unatapika, presha juu.

Mtu akichomwa mtoe majini, piga 000 (namba ya dharura ya Australia), mmwagie siki sekunde 30 au zaidi, usisugue, usitumie maji ya bomba, na ile ya kumkojolea ni stori za vijiweni tu. Asipopumua anza kumkandamiza kifua.

Hamu ikizidi nenda swimming pool. Wavu wa beach unasaidia kwa wale wakubwa, irukandji anapenya. Na mamba hujawakimbia, wa kule wanakaa mpaka baharini na ni wakubwa kuliko wetu.

Kichocho nacho kapime kabla hujapanda ndege, dawa ipo.