Picha za Ukoo Huliwa na Msiba Kabla ya Mchwa

Watu wakisikia kwamba Jumapili zangu nazitumia kupanga picha za zamani za ukoo wetu, swali la kwanza huwa la mchwa. La pili, unyevu wa ziwa. Hao ni maadui kweli, na nitawafikia. Lakini kwa nilivyoona kwetu, na kwa majirani wa hapa Kirumba, Mwanza, walioniletea maboksi yao tuyafungue pamoja, kinachomaliza picha za familia kuliko vyote ni msiba.

Angalia inavyokwenda. Mzee amefariki usiku. Asubuhi turubai limeshafungwa, kamati imekaa, na mmoja anasema inatakiwa picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza, nyingine ya kijitabu cha ibada, na siku hizi ya kwenye fulana. Kijana anatumwa chumbani. Anafungua albamu, anaibandua ile nzuri kuliko zote, kwa haraka, pembe moja inabaki kwenye gundi, kisha huyo kwenye bodaboda kwenda steshenari. Picha inakuzwa, inapigwa lamineshen, kazi inafanyika. Mkishazika, nani atakumbuka kuulizia ile ya asili? Imebaki juu ya mashine ya fotokopi, au kwenye gari lililopeleka mwili kijijini, au kwenye suruali ya yule kijana, na suruali imeshafuliwa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu kabati wala boksi. Toa nakala nzuri za picha za wazee wakiwa hai, ziweke mahali ambapo angalau watu wawili wanapajua, ili siku hiyo ikifika asiguse mtu albamu. Najua inavyosikika. Ukimwendea mzee na maneno hayo anaweza kudhani unamhesabia siku, kwa hiyo mwambie tu unapanga picha. Mwenyewe ataelewa. Mjomba wangu alielewa kabla sijamaliza sentensi, akapekua boksi mpaka akaipata ile aliyovaa kaunda suti. "Mtatumia hii, mpwa wangu," akasema. "Ile ya kitambulisho cha kura msiiguse. Nimetoka kama mwizi wa ng'ombe."

Ukienda kuskani, usiseme tu "niskanie". Steshenari nyingi mashine imewekewa kiwango cha kuskani vyeti na barua. Picha ndogo ya saizi ya pasipoti au ile ya mraba inahitaji doti 600 kwa inchi, ili ukiikuza mara mbili au tatu sura isivunjike. Omba faili la JPEG la ubora wa juu au TIFF, usipokee PDF, na ulichukue kwa flashi. Ukitumiwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu inalipunguza na unabaki na kivuli cha ulichokilipia. Kama lazima ipite huko, itumwe kama dokumenti. Na simama hapo hapo mpaka ya asili irudi mkononi mwako, hata foleni ikiwa ndefu na mwenye duka akikuangalia vibaya.

Usipokuwa na skana, simu inatosha kwa kuanzia. Laza picha barazani kwenye kivuli, mwanga wa mchana utoke ubavuni, zima flashi, simu iwe sambamba na picha. Ikiwa inang'aa, mwombe mtu asimame nyuma yako ameshika kitambaa cheusi. Mng'ao wote utakufa.

Lamineshen sasa. Hapa nakuwa mkali, na ndugu zangu wameshanichoka. Usiipige picha ya asili lamineshen. Ile plastiki inashikishwa kwa joto na gundi, haitoki tena bila kubeba sura ya mtu, na kama karatasi ilikuwa na unyevu basi umeufungia ndani. Nakala piga utakavyo, hata uitundike jikoni. Ya asili iache ipumue.

Hali kadhalika picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu. Mwanza tunazo nyingi, hasa zilizotundikwa kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Usiivute. Ipige picha ikiwa humo humo nyuma ya kioo, au uiskani pamoja na kioo chake, ndipo ufikirie mengine. Na zile albamu za kurasa zenye gundi na karatasi ya nailoni juu, zilizokuwa fahari ya kila sebule miaka ya themanini na tisini, ndizo zinazozila picha zenyewe polepole. Kuitoa picha humo, pitisha uzi mwembamba chini yake kutoka pembe moja hadi nyingine, taratibu. Ikigoma, skani ukurasa mzima na uiache.

Hayo yote, hata hivyo, fundi yeyote angeweza kukueleza. Kinachokula muda wangu ni majina.

Picha isiyo na jina, kizazi cha tatu kinaitupa. Nimeshuhudia kwenye usafi wa nyumba. Mtoto anashika picha ya baba wa babu yake, anauliza huyu nani, hapati jibu, inaenda kwenye kiroba cha takataka. Hakuna ubaya moyoni mwake. Kwa hiyo kama una Jumapili moja tu, acha skana, acha maboksi, mfuate mzee.

Lakini usiende na daftari ukaanza kumhoji kama uko kituoni. Swali "huyu ni nani?" ndilo baya kuliko yote. Mzee akishindwa la kwanza anaona aibu, na baada ya hapo kila jibu ni "sikumbuki". Anza na kitu kingine kilichomo kwenye picha. Gauni hili lilishonwa wapi? Viatu hivi vilikuwa vya nani? (Mara nyingi vilikuwa vya mpiga picha, studio nyingi ziliweka koti, tai na viatu vya kuazima.) Mlifika mjini kwa basi au kwa meli? Mzee akianza kusimulia safari, majina yanashuka yenyewe. Mwache aishike picha mkononi, umkuzie pia kwenye simu aone sura. Omba ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, ukiweke mezani na ukisahau.

Kwetu kulikuwa na picha ya mapacha wawili wamesimama mbele ya pazia la studio, sare ya nguo, sare ya kunyoa. Kila mtu alijua kwamba ni Kulwa na Doto, hakuna aliyejua yupi ni yupi, na wote wawili wameshatangulia. Nilimsalimu bibi huko Kisesa, "shikamoo bibi", akaitikia, "marahaba mjukuu wangu, wabeja kuja", yaani asante kwa kuja, kisha nikamwekea picha mapajani bila kuuliza neno. Akaitazama. "Kulwa ni huyu aliyekunja ngumi," akasema. "Alikuwa hataki kushikwa mkono na mwenzake. Mpaka kuoa, hivyo hivyo." Hiyo ngumi tulikuwa tumeiangalia miaka yote.

Ukiweza kumtoa mzee nyumbani, mpeleke makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, hapo hapo Kisesa barabara ya Musoma. Usiende ukitafuta historia ya watemi tu, ingawa ngoma zao na viti vyao vipo. Nenda kwa ajili ya vitu vya nyumbani: vibuyu, vyungu, majembe. Mama mkubwa wangu alifika kwenye kibuyu akaanza kutaja watu ambao hatujawahi kuwasikia. Nikawa nakimbiza kalamu.

Mzee akikosea, usimsahihishe mbele ya watu. Andika alichosema, ukaulize kwa mwingine. Tarehe hasa huwa zinayumba, na hapo picha yenyewe inasaidia. Geuza nyuma kwanza: mhuri wa studio, namba ya S.L.P., wakati mwingine mwaka umechapwa kabisa. Kisha angalia ukutani. Picha ya Rais ni kalenda nzuri. Mwalimu Nyerere aliongoza mpaka 1985, Mwinyi akashika mpaka 1995, Mkapa mpaka 2005. Tahadhari, Mwalimu hakushushwa ukutani baada ya kung'atuka, bado yupo mpaka leo, kwa hiyo tafuta wa pili aliye pembeni yake. Mtu akiwa na sare ya CCM, basi si kabla ya Februari 1977, maana kabla ya hapo ilikuwa TANU.

Na ukiona meli bandarini, ikuze usome jina. Sisi tulikuwa tukibishana kuhusu picha moja ya shangazi akiwa na mzigo wa ndizi kichwani, wengine wakidai ni ya mwaka 1975. Nyuma yake inasomeka MV Bukoba. Meli hiyo ilianza kazi mwaka 1979 na ikazama tarehe 21 Mei 1996, hivyo ubishi uliisha, ingawa kimya kilichofuata sebuleni hakikuwa cha tarehe. Hapa Mwanza meli ile usiitaje kwa haraka. Kuna nyumba nyingi ambazo picha iliyobaki ya mtu ni aliyopiga kabla ya safari ile.

Majina ukiyapata, usiyaandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Inachimba mpaka upande wa sura, na wino unahamia kwenye picha nyingine zikipangwa pamoja. Picha za karatasi za zamani zinakubali penseli laini, kwa mkono mwepesi, pembezoni. Za rangi zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli. Weka kila moja kwenye bahasha ya karatasi na uandike kwenye bahasha kabla hujaitumbukiza. Andika jina kamili na uhusiano. "Mama" si jina. Mama wa nani?

Kuhusu kuhifadhi sina mengi. Bahasha za karatasi, halafu boksi au kopo la biskuti, halafu rafu ya chuma iliyo mbali na ukuta wa nje. Usiweke sakafuni kwa sababu ya mchwa na maji, wala juu ya dari, maana chini ya bati mchana ni tanuri. Mifuko ya nailoni inatunza unyevu, achana nayo. Vile vipakiti vidogo unavyokuta kwenye boksi la viatu vipya, vilivyoandikwa usile, tupia kwenye boksi la picha. Masika ikiisha, fungua boksi siku kavu, kagua ukungu, funga.

Picha zikilowa, kama zilivyolowa za wengi waishio karibu na maji ziwa lilipofurika mwaka 2020, usizianike juani wala usiziache zikauke zikiwa zimerundikana, zitakuwa tofali. Zitenganishe zikiwa bado na maji, zisuuze kwenye maji safi, zilaze kivulini juu ya kitambaa, sura juu. Kama ni nyingi na huna nafasi wala nguvu siku hiyo, zifunge kwenye mfuko na uziweke kwenye friza. Ndiyo, friza. Zikiganda, ukungu hauendelei, na utazishughulikia mafungu madogo madogo wiki zijazo. Na katika mji huu wa samaki, jirani mwenye friza hakosekani. Mweleze tu mapema kilichomo.

Kaseti nazigusia kwa kifupi. Wengi tuna kaseti moja au mbili ambazo si za muziki: harusi, mahubiri, au mtu aliyesafiri akajirekodi badala ya kuandika barua. Kabla ya kuipiga, vunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asiirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukiona unga mweupe kwenye mkanda, huo ni ukungu, usiipige kwenye redio. Mpelekee fundi anayejua kuhamishia mkanda kwenye kasha jipya. Iliyo safi, pangusa kwanza kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, unganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta, na ukiipiga mara ya kwanza uwe tayari unarekodi. Mikanda ya dakika 90 ni myembamba kuliko ya 60 na inakatika kirahisi, kwa hiyo usiichezee mbele na nyuma kutafuta sehemu tamu.

Limebaki la nani akae na zile za asili, na hapa ndipo koo zinapogombana. Mimi sikutaka boksi lote likae kwangu kwa sababu tu nimelipanga. Picha ya ndoa ya babu na bibi, mama mkubwa aliidai tangu mwanzo, na ana haki nayo kuliko mimi. Nilimpa, nikabaki na skani. Mengine tuliyagawa kwa daftari: kila picha ina namba, kila namba ina jina la anayeitunza, na nakala za faili zipo kwa baba mdogo Geita na kwa binamu aliyeko Dar es Salaam. Anayetaka kuazima anasaini. Baba mdogo alicheka sana alipoambiwa asaini. Amesaini.

Zisizojulikana bado zipo, bahasha nzima. Moja moja naiweka kwenye grupu la ukoo Jumamosi usiku, wakati watu wametulia na bando lipo, bila maelezo yoyote. Shangazi wa Sengerema ndiye anayejibu zaidi, kwa sauti, dakika tano tano, na robo ya anachosema ni kuhusu deni la mbuzi ambalo aliyeko kwenye picha hakulilipa. Naandika na hilo pia.