Kiti kisicho na miguu ya nyuma: majibu ya maswali yenu

Kile kiti cha bomba kisicho na miguu ya nyuma kabuni Marcel Breuer, si ndio?

Sio. Hili swali nalijibu kila mara na bado linarudi vilevile. Alietangulia ni Mart Stam, msanifu majengo Mholanzi. 1926 alichukua mabomba ya gesi na elbo zake, vile vitu vya fundi bomba, akaunga kiti kinachosimama kwa miguu ya mbele tu. Novemba mwaka huohuo walikutana Stuttgart kupanga maonyesho ya nyumba za Weissenhof, Stam akakichora pale mbele ya watu na Mies van der Rohe, msanifu majengo Mjerumani, alikuwepo, sasa 1927 maonyesho yanafunguliwa kila mmoja ana cha kwake. Cha Stam kigumu, hakinesi. Cha Mies mbele kimepindwa kama upinde, ukikaa kinanesa, na hapo kwa kweli Mies aliongeza kitu kikubwa. Breuer, mbunifu Mhungari, yeye cha kwake ni 1928. Alidai wazo alikuwa nalo zamani, kwamba aligeuza stuli yake ya bomba ikalala ubavu akakiona kiti, namwamini, lakini aliekaa akaunga bomba kwanza ni Stam na jina lake ndio mnalolisahau.

Kweli kesi ya nani alitangulia kukibuni ilienda mahakamani?

Ndio. 1932 mahakama ya juu ya Ujerumani, Leipzig, ikampa Stam haki ya kisanii ya kiti hicho. Ndio maana mpaka leo Thonet, kampuni ya fanicha, wakiuza kile cha Breuer chenye henzirani wanamtaja na Stam.

Cesca maana yake nini?

Ni jina la hicho cha Breuer chenye henzirani, limetoka kwa Francesca, binti wa Breuer. Mwanzo kiliitwa B32 tu.

Kiti cha bomba kinachoitwa Wassily alibuni Kandinsky?

Jamani hapana! Ni Breuer, 1925, ana miaka 23, yuko Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, kapata wazo kwenye usukani wa baiskeli yake, akamwita fundi bomba amsaidie. Wassily Kandinsky, mchoraji, alikuwa mwalimu palepale, akakipenda, akatengenezewa kimoja. Hilo jina kaliweka Mwitalia Dino Gavina miaka mingi baadae alipoanza kukiuza, na jina la Cesca pia ni yeye. Majina ya dukani yamewekwa kuuzia, msiyafanye historia.

Mbona humtaji Lilly Reich?

Umenikumbusha vizuri dada, kosa langu. Ni mbunifu Mjerumani, alifanya kazi bega kwa bega na Mies miaka hiyo, na fanicha za Barcelona, zile za maonyesho ya 1929, zina mkono wake. Duka likiandika Mies peke yake waulizeni.

Fundi wangu wa kuchomelea anaweza kunitengenezea?

Anaweza, ila usimpe bomba la mapazia. Uzito wote wa mtu unaenda kwenye ile kona ya chini mbele, bomba jembamba linabonyea hapo, siku moja mgeni anajikuta sakafuni. Hata Stam alitia vyuma ndani ya bomba. Mwambie ajaze mchanga mkavu kabla ya kupinda ili kona isibonyee, na asiunge kabisa kwenye kona, aunge kwenye sehemu iliyonyooka. Akimaliza akae yeye kwanza, ajirudishe nyuma kwa nguvu, ndio umlipe.