Kulala kwenye hema ukingo wa Ngorongoro: baridi na hema kulowa ndani

Pole sana ndugu uliyeandika kuwa ulitetemeka usiku kucha pale kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na asubuhi ukakuta hema limelowa ndani. Blanketi mbili ulizozoea Mwanza hazitoshi kule: Ziwa Victoria letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Simba ni karibu 2,300, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi joto kama 6. Ila baridi mbaya zaidi inatoka chini. Tandika mkeka, juu yake kigodoro cha sponji, ndipo uingie kwenye mfuko wa kulalia na soksi kavu.

Matone uliyoyakuta asubuhi si hema kuvuja, ni pumzi zenu. Acheni kidirisha cha juu wazi, na turubai la nje lisiguse la ndani.

Jiko la mkaa ndani ya hema usithubutu, hata limebaki makaa tu: hewa yake inaua usingizini. Chakula msilale nacho, wanyama hupita. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, huenda ni kwa sababu ya mwinuko: mshusheni sehemu ya chini, aonwe na daktari.