Akinfenwa na Ligi Kuu England
Kaka, umeuliza kama mshambuliaji Adebayo Akinfenwa aliwahi kucheza Ligi Kuu England: hapana, hata dakika moja. Juu kabisa alifika Championship, daraja la pili, msimu wa 2020/21 akiwa na Wycombe, nao wakashuka kwa pointi moja tu: 43, Derby wakabaki na 44.

Wengi wanachanganywa na Swansea. Yeye alikuwa pale 2005 hadi 2007, timu ikiwa League One, daraja la tatu. Swansea ilipanda Ligi Kuu 2011, yeye keshaondoka zamani. Kwa hiyo ukisoma orodha ya klabu zake, angalia mwaka kwanza, jina la klabu baadaye.

Lile bao lake dhidi ya Liverpool, Januari 2015, si la Ligi Kuu, ni la Kombe la FA akiwa AFC Wimbledon (walilala 2-1). Siku yake kubwa zaidi kwangu ni Mei 2016 Wembley: alifunga penalti dakika za nyongeza, Wimbledon 2 Plymouth 0, wakapanda League One. Alitundika daluga 2022, baada ya Wycombe kufungwa na Sunderland fainali ya mchujo wa kupanda daraja.

Ligi Kuu alizocheza ni za nje ya England: ya Lithuania, na Atlantas, mwanzoni kabisa, kisha ya Wales, na Barry Town.