Nguruwe wa Guinea, panya au simbilisi?

SWALI: Natafsiri makala za afya kutoka Kiingereza. Kuna mnyama wa maabara ambaye programu ya kutafsiri humwita "nguruwe wa Guinea". Kwingine nasoma kwamba wananchi "wamefanywa nguruwe wa Guinea". Mhariri ananiambia niandike "panya" kote, yaishe. Nimsikilize? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Huyo nguruwe mtupe kabisa. Mnyama mwenyewe si nguruwe na Guinea si kwao. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, alikofugwa kwa kitoweo tangu kale. Kiswahili kinamwita simbilisi. Ukifika Bukavu, mashariki ya Kongo, utasikia dende. Wapo wanaomwita pimbi, lakini pimbi ni yule wa kwenye majabali, ambaye kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo kuliko panya.

Mhariri wako ana haki nusu. Simbilisi na panya wote ni wagugunaji. Maabara, hata hivyo, haijali ukoo, inajali mwili unavyofanya kazi. Mwaka 1907, watafiti Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway waliwalisha simbilisi nafaka tupu, simbilisi wakaugua kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Panya wasingeugua, kwa sababu mwili wa panya hujitengenezea vitamini C. Wa simbilisi hauwezi, kama wetu usivyoweza. Andika "panya" hapo na habari yote inakuwa uongo. Vivyo hivyo kwa Robert Koch, aliyethibitisha chanzo cha kifua kikuu mwaka 1882: aliwaambukiza simbilisi, mnyama anayeshikwa upesi na ugonjwa huo.

Kwenye tamathali mambo ni mengine. Aprili 2020, daktari na mtafiti wa Kifaransa walizungumza kwenye televisheni juu ya kuijaribu barani Afrika BCG, chanjo ya kifua kikuu, dhidi ya korona. Watu wakaja juu, mwanasoka Didier Drogba akiwa mmojawapo, kwamba Waafrika wasifanywe wanyama wa majaribio. Kwa Kifaransa na Kiingereza mnyama aliyetajwa ni simbilisi. Kwa Kiswahili, ukiandika "sisi si simbilisi" msomaji atabaki anakodoa macho. Sisi husema "tusifanywe panya wa maabara", na hapo panya ni halali yake. Mimi hupenda zaidi kitenzi kitupu: "tusifanyiwe majaribio". Hakihitaji mnyama yeyote.

Kwa hiyo makala moja inaweza kuwataka wote wawili, maana BCG hiyohiyo, kabla ya kupewa binadamu, ilijaribiwa kwa simbilisi na waliyoiunda, Calmette na Guérin.

Kuhusu sarufi, ni ngeli ya A-WA: simbilisi huyu, simbilisi hawa, "masimbilisi" hapana. Na usiandike "watafiti walijaribu simbilisi", utadhani walimwonja. Andika "waliijaribu dawa kwa simbilisi", au "simbilisi walifanyiwa majaribio ya dawa".