Ruta haizimwi: inakula uniti ngapi?

Maswali ya safari hii karibu yote yameangukia kwenye waifai ya nyumbani na umeme wake. Nayajibu moja moja.

Tumepanga vyumba vinne, LUKU ni moja. Mimi peke yangu nina ruta, na haizimwi. Wenzangu wanataka niongeze shilingi 10,000 kila mwezi. Ni haki? (Mpangaji, Tabata)

Kuongeza kitu ni haki, kaka, lakini 10,000 ni kuonewa. Geuza adapta ya ruta usome maandishi madogo. Nyingi zimeandikwa Output 12V, 1A. Zidisha 12 kwa 1 upate wati 12, na huo ndio mwisho wa uwezo wa adapta. Ruta yenyewe hutumia pungufu ya hapo, mara nyingi wati 6 hadi 9. Tuseme 8. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo ikiwaka saa 24 kwa siku 30, inakula uniti 5.8.

Nyumba ya wapangaji wanne aghalabu iko kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unafika 356. Kwa hiyo ruta yako ni shilingi 2,050 hivi kwa mwezi.

Wenzako wasipokubali hesabu za karatasi, waite mbele ya mita, kama iko ukutani na si juu ya nguzo. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake imeandikwa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zimeni kila kitu nyumba nzima, muache ruta tu. Kitaa kikipepesa, angalieni saa: kwa ruta ya wati 8 mtasubiri dakika saba na nusu ndipo kipepese tena. Kisha mmoja achomeke pasi ya wati 1,000. Pasi ikiwa inapata moto, kitaa kitapepesa kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Hapo hata aliyekuwa mbishi anaelewa. Anayechemsha maji ya kuoga kwa hita ya wati 1,500 nusu saa kila siku anakula uniti 22 na nusu kwa mwezi, karibu mara nne ya ruta yako. Toa 2,000 yako kwa moyo mweupe, na kila mwenzako naye ahesabiwe kwa kipimo hichohicho. Ugomvi wa LUKU unavunja ujirani mwema bure, wakati mita iko hapo hapo na inasema kila kitu.

Hujambo mwanangu. Mimi natumia ule umeme wa bei nafuu. Mjukuu ameniwekea waifai, naogopa nitatolewa. (Bibi, Muheza)

Shikamoo bibi. Hofu yako ina msingi, kuliko ya wasomaji wengine wote wa leo.

Kundi lako ni D1, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni shilingi 100, na makato yote inakuwa 122. Kwa bei hiyo ruta haifiki hata shilingi 750. Shida iko kwenye ukingo wa 75. Uniti inayozidi hapo inatozwa 350 kabla ya kodi, na ukizidisha mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1. Uniti 75 za D1 ni shilingi 9,150. Uniti hizohizo kwa T1 ni karibu 26,700. Kwa mtu anayeishi kwa kibanda cha mboga au kwa anachotumiwa na watoto, tofauti hiyo ni unga wa siku nyingi.

Mwambie mjukuu afungue meseji za tokeni za miezi mitatu, ajumlishe uniti ulizonunua, agawe kwa tatu. Ikija 50 au 60, acha waifai iwake, usihangaike. Ikija 70 na zaidi, ruta izimwe wakati wa kulala, na taa za zamani za kioo zibadilishwe kwa za LED. Taa moja ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi, zaidi ya ruta.

Tangu niweke ruta, nikinunua umeme wa 5,000 napata uniti 9.8. Zamani nilipata 14. Ruta inakatwa humo? (Kigamboni)

Hapana. Ruta haiwezi kupunguza uniti kabla hujaziingiza kwenye mita. Hiyo ni kodi ya jengo, inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Toa 1,500 kwenye 5,000, gawa kwa 356, unapata 9.8 hiyo. Ukinunua tena ndani ya mwezi huohuo na huna deni, zitarudi 14.

Mume wangu huzima ruta kila usiku, anasema itaungua. (Morogoro)

Haiungui kwa kuwashwa muda mrefu, dada, mradi ina hewa na haijafunikwa kitambaa. Akiizima kwa muda wa saa nane kila usiku mnaokoa kama 680 kwa mwezi kwa bei ya T1. Si vibaya, ila kama mna kamera za ulinzi zinazotegemea waifai, iacheni. Kinachoua ruta ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, na radi. Mvua ikianza kunguruma, ichomoe.

Nina Starlink (intaneti ya setilaiti) na tokeni za stima zinaisha haraka. Nifanyeje? (Likoni, Mombasa)

Hapa kweli kuna ulaji. Kwa takwimu za Starlink wenyewe, seti ya kawaida hutumia wastani wa wati 75 hadi 100. Hata tukichukua 75, ni uniti 54 kwa mwezi. Kundi la bei ya chini kabisa la Kenya Power linaishia uniti 30, kwa hiyo dishi peke yake linakutoa humo kabla hujawasha taa. Ingia kwenye programu ya Starlink, weka ratiba ya dishi kulala usiku. Ikilala kwa muda wa saa sita kila usiku inapunguza robo, uniti 13 hivi. Humo humo zima kabisa kipengele cha kuyeyusha theluji. Ukiwa bado unafikiria kununua, seti ya Mini hutumia wati 25 hadi 40.

UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta ya mAh 10,000 itashika saa ngapi umeme ukikatika? (Mwanza)

Hizo mAh ni za betri ya ndani yenye volti 3.7, si za volti 12 zinazokwenda kwenye ruta. Gawa mAh 10,000 kwa 1,000 upate 10, zidisha kwa 3.7, unapata wati-saa 37. Toa kidogo kwa kinachopotea njiani, gawa kwa wati 8: inakaribia saa nne betri ikiwa mpya. Anayekuahidi kumi na mbili anakuuzia karatasi ya boksi.