Nilikusimulia nusu: barua kwa binti yangu

Tanga

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Unasema tarehe 23 Februari ulipanda treni kutoka Karlsruhe hadi Pforzheim, huko Ujerumani, ukakuta uwanja wa soko umejaa mishumaa, kisha ukaonyeshwa kilima cha Wallberg, ambacho juu yake vimerundikwa vifusi vya mji wa zamani. Ndipo ukaniuliza: "Mama, yule Edwin Swales uliyekuwa ukitusimulia ndiye aliyeongoza ndege zilizouchoma mji huu. Mbona hukutuambia?"

Sikuwaambia kwa sababu mlikuwa watoto, na mimi nilikuwa nampenda mno. Leo nakusimulia yote.

Swales alizaliwa Natal, Afrika Kusini, mwaka 1915. Alifanya kazi benki Durban, na vita vya Hitla vilipoanza akaja Kenya na kikosi chake cha nchi kavu, wakapigana hadi Uhabeshi. Hapo ndipo nilipompendea. Babu yako naye alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alizikanyaga njia zile zile za kaskazini mwaka 1941. Kwangu Swales alikuwa kama mtu aliyewahi kunywa maji ya kisima kimoja na baba yangu, ingawa sina hakika kama waliwahi hata kuonana kwa mbali.

Mwaka 1942 akahamia jeshi la anga, na mwishowe akawa rubani wa Lancaster, ndege kubwa ya mabomu, huko Uingereza, katika kikosi cha Pathfinder, wale waliotangulia kuwaonyesha wenzao pa kutupa mabomu. Usiku ule wa Februari 1945 yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka juu ya mji na kuwaelekeza marubani wengine kwa redio. Ndege ya Wajerumani ikampiga, injini moja ikafa, bunduki za mkiani zikanyamaza. Hakuondoka. Akapigwa tena, injini ya pili ikafa. Bado akaendelea kuelekeza mpaka shambulio lilipokwisha.

Nilikuwa nairuka sehemu hiyo, mwanangu. Nilikuwa naanzia safari ya kurudi: vyombo vyake vimeharibika, mawingu yanaitikisa ndege, anawaamuru wenzake saba waruke kwa miavuli huku yeye ameshikilia usukani ili itulie. Wote saba walipona. Yeye alianguka nayo karibu na Valenciennes, Ufaransa, akakutwa amekufa mahali pake pa kuendeshea. Alikuwa na miaka 29. Akapewa Victoria Cross, nishani ya Waingereza ya juu kabisa ya ushujaa vitani, naye yuko kaburini.

Lakini ule uvumilivu wa kuizuia ndege isitikisike wenzake waruke, ndio ule ule uliomweka juu ya Pforzheim. Ndege zaidi ya 360, dakika 22 hivi, na watu zaidi ya 17,000 wakafa katika mji wa masonara na mafundi saa. Siwezi kuugawa moyo wa mtu yule vipande viwili, nikakupa kile kizuri tu. Najua Hitla alikuwa lazima ashindwe, na babu yako alitoa ujana wake kwa hilo. Ila najua pia kwamba babu yako, aliyezijua ndege za vita kwa kuzitazama kutoka chini, alikuwa akisikia moja ikipita chini chini juu ya Tanga, anaacha kula. Sisi tulikaa kimya mpaka mlio upotee.

Bado nampenda Swales. Nampenda na ninaona uchungu, na vyote viwili ni vya kweli.

Kaburi lake liko Leopoldsburg, Ubelgiji. Ukipata likizo nenda, umpelekee maua kwa niaba yangu. Na mwakani, Februari, ukirudi pale uwanjani Pforzheim, washa mishumaa miwili. Mmoja ni wangu.

Mama yako